Vikombe Vitatu na Kibuyu

Kila mgeni anayeingia jikoni kwangu huuangalia ule ukuta na kuuliza swali lile lile: mbona hutupi hivi vikombe? Kimoja hakina mkono, kimoja kimezibwa kitako kwa lami, kimoja kina kovu jeusi ubavuni. Mke wa mchungaji aliwahi kuniletea vipya, vya udongo, vyenye maua, vimefungwa kwa gazeti. Nikamwambia awapelekee wenye makabati. Nilimjibu vibaya, najua, na tangu siku hiyo hunisalimia akiwa njiani bila kuingia. Lakini nimechoka kufundishwa kutupa vitu na watu wasiojua vitu hivyo vilikaa na nani.

Vikombe ni vitatu, vya bati jeupe lenye mstari wa buluu mdomoni. Nilivinunua Thika, katika duka la Mhindi karibu na stesheni, mwaka ule mwanangu wa kiume alipokamatwa na kupelekwa kizuizini. Vinaning'inia kwenye misumari mitatu. Kando ya misumari kuna kigingi cha mti, na kwenye kigingi kuna nusu ya kibuyu, kimeshonwa kwa uzi wa mkonge mahali palipopasuka. Kibuyu hicho hakuna anayekiulizia. Wageni hudhani ni pambo la kizamani.

Miaka hiyo ya hamsini niliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa, upande wa Gitothua, si mbali na mji wa Ruiru. Marehemu mume wangu alifanya kazi kwenye mashine za kumenya kahawa hapo shambani mpaka kifua kikamuua. Mimi nilikuwa yaya katika nyumba ya Mzungu. Mwanangu alipochukuliwa, mke wake alirudi kwao bila kuaga, akaniachia wavulana watatu na blanketi moja. Binti yangu naye alikuwa na mtoto wa kike, na huyo nilikuwa naye tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu mama yake alifanya kazi Nairobi. Hali ya Hatari ambayo Serikali ya Wazungu ilitangaza kwa ajili ya wapiganaji wa msituni ilipochacha, binti yangu naye akakusanywa na wengine huko Nairobi, akafungiwa. Basi nikabaki mimi na wajukuu, na hakuna aliyeniuliza kama ninaweza.

Kile kikombe chenye kovu kilikuwa cha mume wangu. Nasema mume wangu kwa sababu kwetu Wakikuyu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na akishapewa, nyanya humwita mume wake. Nilikuwa nikimtania sana. "Mume wangu, umeniletea nini leo? Mume gani huyu anayerudi nyumbani mikono mitupu?" Naye, mtoto wa miaka saba, huona haya, hutoka, na kurudi na ukuni mmoja ambao huubwaga mbele yangu kama ameangusha msitu. Kovu la kikombe lilitokana na mawe. Alikipiga kutwa nzima akifukuza ndege kwenye kipande changu cha mtama, na rangi ikabanduka. Mwaka alipotahiriwa alianza kunywa chai amesimama mlangoni, amenipa mgongo, na nikimwita mume wangu hujifanya hakusikia.

Chenye lami kilikuwa cha wa pili. Huyo alisikia wanaume wakisema kwamba upande wa magharibi watu huchuja mchanga wa mto wakapata dhahabu, akachukua msumari akatoboa kikombe changu kipya kitakoni, akashinda mtoni akichuja. Nilimchapa. Kisha nikaokota donge la lami barabarani, nikaliyeyusha na kuziba, na kwa mwezi mzima uji wake ulinuka barabara ya kwenda Thika. Alikunywa bila kulalamika kwa sababu alijua akilalamika nitamkumbusha dhahabu. Wa tatu, kitinda mimba, alikifunga kikombe chake kamba mkononi akawa anakikokota vumbini akinguruma kwa mdomo, hilo likiwa gari lake, mpaka mkono ukang'oka. Tangu hapo alikishika kwa viganja viwili.

Yule msichana hakuwa na kikombe. Alipokuwa na miaka minne alitia mdomo kwenye kikombe cha bati kilichojaa uji wa moto, na bati, kama kila mtu ajuavyo, hushika moto kuliko uji wenyewe. Ngozi ya mdomo wa chini ilibaki pale kwenye bati. Alipopona hakutaka tena kusikia habari ya bati. Nikakata kibuyu nusu, nikakisugua kwa mchanga, na hicho kikawa chake. Ndiyo maana siku ile dukani Thika nilinunua vikombe vitatu tu. Niliwaza watoto wote, nikanunua vitatu, na sikuona kosa lolote.

Huyu alikuwa wajina wangu. Baba yake, mtu wa Murang'a, hakuleta hata mbuzi mmoja kwa ajili ya binti yangu, kwa hiyo mtoto alikuwa wa nyumba yangu, na jina alilopewa lilikuwa langu. Kibuyu kilipopasuka hakunililia nimtafutie kingine. Alikaa kando ya meko na shazia na uzi wa mkonge, ulimi umetoka nje kidogo, akakishona kama alivyoniona mimi nikishona vyangu. Alikuwa na miaka minane. Mishono yake ya kwanza imekaa vibaya, ya mwisho imekaa sawa, na ukipitisha kidole unaweza kusikia mahali alipojua kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi pia. Alikuwa darasa la pili kwenye shule ya shambani, na akirudi huchukua kaa akaandika sakafuni, akanishika mkono wangu mkubwa akauongoza. "Cucu," aliniita hivyo, kama wajukuu wote wa kwetu waitavyo nyanya zao, "Cucu, usibonyeze sana, herufi hainyongwi." Baadaye sana, nilipokwenda darasa la ngumbaru na wazee wenzangu, mwalimu alishangaa kuona mkono wangu umekwisha kuzoea.

Sasa lazima nieleze jambo la kuhesabu, maana ndilo lililotuvunja.

Kwetu mtoto hahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi wala mbuzi. Mchungaji hodari huliangalia kundi akajua kwa rangi ni yupi hayupo. Ukihesabu watoto wako kwa sauti umekwisha kuwaonyesha mauti njia. Mtu akikuuliza una watoto wangapi, unajibu, "Wanatosha." Akikulazimisha kabisa, unataja pungufu ya mmoja. Wakiwa kumi, husemwa ni tisa kamili, na yule mmoja akabaki amefichika, ili jicho baya likija kuchukua likose hesabu. Nilikulia hivyo. Mama yangu alizaa wengi na sijui mpaka leo tulikuwa wangapi tukiwa hai wote.

Kwa hiyo jioni sikuwahesabu wajukuu. Niliangalia ukuta. Kikombe kikiwa bado kinaning'inia kikavu, nilijua mwenye kikombe hajaja, nikatoka kumwita.

Huko kwenye nyumba ya Mzungu mambo yalikuwa mengine. Memsabu alihesabu watoto wake kila walipotoka kuoga, moja, mbili, tatu, kwa kidole kichwani mwa kila mmoja, na mimi nimeshika taulo nikiwaogopea. Kisha huwasimamisha kwenye mlango wa stoo akachora mstari kwa penseli juu ya kichwa, akaandika na miaka yao. Nilingoja mabaya yawafike. Hawakupatwa hata na surua. Walirefuka mstari baada ya mstari, wakapanda meli wakaenda kusoma kwao, na mlango ule mpaka leo nadhani una mistari yao. Nililea watoto waliohesabiwa kila siku na hawakudhurika, kisha nikatembea hatua mia mbili kurudi kwa wangu ambao sikuwahesabu.

Kambi yetu ilizungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge tukachimbishwa handaki. Kutoka kulihitaji pasi. Halafu ikaja amri kwamba kila aliye ndani ya kila chumba aandikwe, mkubwa kwa mdogo, na atakayekutwa bila kuandikwa ni mgeni wa maficho.

Karani aliyetumwa kutuandika alitoka pande za ziwa. Alikuwa mtu mzima, mpole, amelowa mvua tangu asubuhi. Aliinama akaingia kwangu na karatasi yake ameifunika kwa koti. Wavulana hawakuwapo, walikuwa wameitwa kubeba mawe ya handaki. Nilikuwa peke yangu mbele ya meko.

"Mama, hapa iko watoto ngapi?"

"Wako."

"Najua wako. Wako ngapi?"

"Wanatosha."

Akapumua. "Mama, mimi siko na siku mzima. Mzungu anataka hii karatasi leo. Sema tu, ngapi?"

"Karani, kwetu mtoto hahesabiwi. Vikombe vyao vile pale ukutani. Wewe hesabu vikombe."

Akacheka, si kwa dharau, akainua kalamu. "Haya basi. Moja, mbili, tatu. Tatu. Nipe majina."

Nikampa majina ya wavulana watatu. Akaandika polepole. Wakati huo wajina wangu alikuwa amefika mlangoni na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imemkaza paji la uso. Karani alimwona. Lazima alidhani ni mtoto wa jirani aliyetumwa kuniletea kuni.

"Mwingine hakuna?" akaniuliza.

Kibuyu kilikuwa kwenye kigingi chake, nusu hatua kutoka kwenye kikombe cha tatu. Ningenyoosha mkono tu. Nikasema, "Si umeona vikombe?"

Akakunja karatasi akaondoka. Mtoto alikuwa bado amesimama na mzigo. Akaniuliza, "Cucu, na mimi?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Weka kuni chini."

Nataka kusema kwa nini nilinyamaza, na niseme yote. Tangu utoto wangu niliamini kwamba yule unayeogopa zaidi kumpoteza ndiye unayemwacha nje ya hesabu. Wajina wangu ndiye niliyempenda kuliko wote. Sikuweza kumwambia karani hivyo, wala wavulana, wala yeye mwenyewe, maana kumtaja mtoto umpendaye ni kumwelekezea jicho baya kwa kidole chako mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na kuna siku naiamini. Siku nyingine nakaa hapa jikoni nikijiuliza: kama yule mume wangu mdogo, mtoto wa mwanangu wa kiume, ndiye angekuwa anakunywa kwa kibuyu, ningemwacha nje ya karatasi ya Serikali? Nadhani ningefungua mdomo. Huyu alikuwa mtoto wa binti asiyetolewa mahari, na mahali fulani kichwani mwangu, nisipopenda kupatazama, nilikuwa nimekwisha kumweka pembeni. Sina raha kuandika maneno haya, lakini mkono huu alinifundisha yeye.

Mambo yalianza kwa maziwa. Akina mama wa Kizungu walianza kuleta maziwa ya unga kwa watoto wa kambi, yakakorogwa kwenye pipa langoni, na kila mtoto akaitwa kwa karatasi. Wavulana walikwenda na vikombe vyao. Wajina wangu alikwenda na kibuyu chake, akapanga foleni, na alipofika mbele akaambiwa jina lake halipo. Asiyekuwepo na lake halipo. Alirudi na kibuyu kikavu, akakitundika, akachukua ufagio akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Juma lililofuata nilimwambia achukue kikombe cha kitinda mimba aende kwa jina la mdogo wake. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake.

"Mimi siibi maziwa, Cucu," akasema.

Tangu siku hiyo wavulana walimpunguzia kila mmoja kidogo kutoka kwenye kikombe chake. Wa kwanza ndiye aliyeanza, bila kuambiwa, na kwa hilo nitamsifu mpaka nife. Lakini walikuwa watoto, na watoto wana njaa. Kuna siku walisahau, kisha wakasahau tena, na yeye hakuomba.

Nilimfuata karani. Nilimkuta kwenye ofisi ya shamba nikamwambia kwamba kuna mtoto mmoja alisahaulika. Akasikitika kweli. Akaniambia karatasi zimekwisha kwenda Thika kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na anayetaka kuongeza mtu lazima aende mwenyewe akaeleze huyo mtu alikuwa wapi siku ya kuandikwa. "Lakini mama," akasema kwa sauti ya chini, "ukisema alikuwa ndani, watauliza kwa nini ulificha." Miezi hiyo watu walikuwa wakifungwa kwa kuficha hata kufuli, eti ni chuma cha kutengenezea bunduki. Nikasema nitakwenda mwezi ujao nikipata pasi. Mwezi ujao nikasema tena hivyo hivyo. Niliogopa. Nilikuwa na wanangu wawili kizuizini na nilijiambia kwamba nikifungwa na mimi, vikombe vyote vitabaki bila mtu wa kuvijaza. Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu alikuwa akinitazama kila siku akitafuna kiazi.

Msako ulifika asubuhi moja, jua limekwisha kutoka, wachumaji wanajiandaa kwenda kwenye mibuni. Tuliamriwa kila nyumba isimame mbele ya mlango wake. Afisa mmoja wa Kizungu alisimama nyuma, na hedimani wa kambi, Mkikuyu mwenzetu, mtu niliyemjua tangu alipokuwa akitokwa kamasi, akawa anasoma majina. Alisoma langu. Alisoma ya wavulana watatu. Kisha akamwangalia msichana aliyesimama kando yangu.

"Cucu, huyu ni wa nani?"

"Ni wangu. Ni wa binti yangu. Unamjua tangu anatambaa."

"Mbona hayuko kwenye karatasi?"

"Wewe ni Mkikuyu," nikamwambia. "Wewe unajua kwa nini mtu huachwa."

Aligeuka kidogo kumwangalia yule afisa, akarudi kwangu, akasema, "Mimi siku hizi najua karatasi."

Afisa akauliza kitu. Hedimani akaeleza kwa Kizungu kifupi, kisha akamgeukia mtoto, kwa sauti ambayo haikuwa mbaya. "Wewe, msichana. Kwenu ni wapi? Ni hapa?"

Sikuwa na shaka na jibu. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono nimshike bega.

"Sijui," akasema. "Hapa sikuhesabiwa."

Hakulia. Alisema hivyo akiwa amesimama wima, na mume wangu mdogo akaanza kulia kwa niaba yake. Hedimani akaandika. Wote waliokutwa bila kuandikwa wangerudishwa rizavu, kule walikotengewa Waafrika, na mtoto wa kike hurudishwa kwa watu wa baba yake, hata kama baba yake hakuwahi kuleta hata kuku. Nilipiga magoti. Nilimshika hedimani mguu, mimi niliyemfunga nepi mdogo wake. Alisema, "Cucu, inuka, unanivunjia kazi."

Walimpa muda wa kuchukua vitu vyake. Vitu vyake vilikuwa gauni moja na shanga. Nilimfuata ndani nikamwambia achukue kibuyu.

"Kiache hapo, Cucu," akasema. "Hakuna atakayekihesabu."

Akapanda lori pamoja na wengine, likaondoka kufuata barabara ya Thika kuelekea Murang'a. Nilisimama kwenye seng'enge mpaka vumbi likatua kwenye mibuni. Jioni, kwa mazoea, niliangalia ukuta. Misumari yote mitatu ilikuwa mitupu, maana wavulana walikuwa wakinywa uji. Kibuyu tu kilikuwa pale, kikavu. Ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuishukia ila mimi.

Alisahau daftari lake la shule. Amejaza kurasa chache tu, majina ya siku na hesabu za kujumlisha, na kwenye ukurasa wa mwisho alioutumia ameandika namba kutoka moja hadi kumi, kwa mwandiko mzuri, mara tatu. Kurasa zilizobaki ndizo ninazoandikia haya.

Mwanangu alitoka kizuizini kabla ya Hali ya Hatari kwisha, mtu mkimya, meno ya mbele hana. Alipata kazi kiwandani Thika akawachukua wavulana wake wakakae naye. Hakuwa na kosa, ni watoto wake. Aliniambia niwape vikombe, wakakataa wenyewe. Wa kwanza alisema huko Thika baba ana vikombe vya kioo. Binti yangu naye alipoachiliwa alimfuata mtoto wake Murang'a, akabaki hukohuko, akaolewa na mtu mwingine. Kwangu alileta salamu mara moja, kupitia muuza nyanya.

Wajina wangu alikuja mwisho mwisho wa miaka hiyo ya hamsini, msimu wa maua ya kahawa, pasi zilipoanza kulegezwa. Nilikuwa nikiota jua mlangoni nikaona msichana mrefu anakuja kati ya nyumba, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda lakini hana haraka ya kufika. Nilimjua kwa ule mdomo wa chini. Mikono yake ilikuwa imekauka kama ya mwanamke mzima. Watu wa baba yake walimfanya yaya wa watoto wao na mchota maji, na shule haikutajwa tena. Alinisimulia hayo kwa maneno machache, kana kwamba ni habari za jirani.

Nilikuwa nimekitunza kibuyu kile. Kila mwaka nilikipaka mafuta ya mbarika kisije kikapasuka tena kwenye mishono. Nilichemsha chai ya maziwa mengi, nikakishusha kutoka kwenye kigingi, nikakijaza mpaka juu nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

Hakukipokea. "Nipe kwa kikombe tu, Cucu," akasema. "Siku hizi bati halinichomi."

Nikamimina kwenye kikombe chenye kovu. Akanywa, moto vile vile, bila kupuliza, na mimi nikabaki nimeshika kibuyu kilichojaa chai. Basi nikamwambia. Nilimwambia yote kuhusu siku ile ya karani, kwamba niliyemwacha nje ya hesabu ndiye niliyempenda kuliko wote, kwamba nilitaka kumficha na mabaya. Sikumwambia ile sababu nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, bila ukali:

"Cucu, afadhali ungenipenda kidogo. Ningehesabiwa."

Nikamwomba abaki. Nilimwambia chumba ni kitupu, wavulana wako Thika, nitamtafutia shule ya jioni. Akatikisa kichwa. Alikuwa amepata kazi ya kuchuma kahawa kwenye shamba moja huko Kalimoni, angekaa kwenye nyumba za wafanyakazi, wasichana wanne chumba kimoja. Kalimoni si mbali na Ruiru. Mtu akiondoka asubuhi kwa miguu hufika kabla jua halijawa kali.

"Unakwenda kulala na watu usiowajua, na hapa ni kwenu?" nikamuuliza.

"Kule wameniandika," akasema.

Alisuuza kikombe, akakifuta kwa pindo la gauni, akakirudisha kwenye msumari wake. Aliuangalia ukuta kidogo. Kisha akachukua kikapu chake, akanipa mkono kama mtu anavyompa mkono mama wa kanisa, akaenda.

Hajarudi. Tangu hapo kambi imevunjwa, seng'enge imeuzwa kama chuma chakavu, handaki limefukiwa na kupandwa viazi, na mimi nimehamia chumba hiki cha Ruiru na misumari yangu. Nimeacha kuogopa kuhesabu. Nahesabu mayai, nahesabu hatua za kwenda kisimani, nahesabu watu kanisani kwa sauti mpaka walio karibu nami husogea. Wajukuu wangu ni wanne. Nimeandika hapa kwa wino, wanne, kwenye ukurasa unaofuata namba zake.

Juma lililopita mwanamke wa Kalimoni aliyekuja sokoni aliniletea salamu zake. Alisema ameolewa na fundi wa trekta, ana afya, na ana watoto. Nilimshika huyo mwanamke kiganja, nikamuuliza ni wangapi, niwajue hata kwa idadi tu, ninunue vikombe.

Akaona haya. Akasema kwamba wajina wangu alijua nitauliza, na akampa jibu la kuniletea.

"Alisema nikwambie wanatosha."